Maswali ya Wasomaji: Onyo la SSH, diski isiyoandikika na kundi la kuchati

Barua tatu za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wasiofahamiana, lakini zinakaribiana kiasi kwamba jibu la ya kwanza litamfaa hata aliyeandika ya tatu. Nimezifupisha bila kugusa maana.

SWALI: Nina kompyuta ya zamani ninayoitumia kama seva yangu ndogo, nami huingia humo kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kupitia mtandao) kutoka kwenye kompyuta mpakato. Juzi niliifuta yote na kuweka toleo jipya la Linux. Tangu siku hiyo, kila nikijaribu kuingia napata onyo refu la herufi kubwa lililozungushiwa alama za @, likisema kwamba utambulisho wa kompyuta ya mbali umebadilika na huenda kuna mtu ananasa mawasiliano yangu. Rafiki yangu amenishauri nifute faili la known_hosts, lenye kumbukumbu za seva nilizozitembelea, niendelee na kazi. Je, nimeingiliwa, na ushauri wake ni sahihi?

JIBU: Kwa maelezo yako, karibu nina hakika kwamba hujaingiliwa. Ushauri wa rafiki yako nao utaondoa onyo hilo mara moja, ila mimi nisingeufuata.

Seva ya SSH inapowekwa kwenye kompyuta kwa mara ya kwanza hujitengenezea jozi za funguo zake yenyewe na kuzihifadhi katika folda ya /etc/ssh. Funguo hizo hazihusiani na nywila yako wala na ufunguo unaotumia wewe kuingia. Kazi yake ni kuitambulisha seva kwako. Ulipoingia kwa mara ya kwanza, miezi au miaka iliyopita, uliulizwa kama unaikubali alama ya kidole ya ufunguo wa seva, yaani mfuatano mfupi unaoutambulisha, nawe bila shaka ulijibu «yes» bila kuisoma, kama tufanyavyo wengi. Tangu hapo kompyuta yako iliuweka ufunguo huo katika known_hosts, na kila unaporudi huulinganisha na ule unaoletewa. Ulipofuta diski ulizifuta na funguo za seva, na Linux mpya ikatengeneza nyingine. Kwa kompyuta yako mpakato, seva iliyowekwa upya na seva ya mtu mwingine iliyojitwalia anwani ileile hazina tofauti yoyote: anwani ni ile, ufunguo si ule, basi inapiga kelele.

Ukifuta faili zima unapoteza kumbukumbu ya seva zote nyingine ulizowahi kuzitembelea, kisha utaulizwa upya kuhusu kila moja, nawe utazijibu zote «yes» kwa mazoea. Nilishawahi kufanya hivyohivyo. Ruta ilikuwa imeigawia kompyuta yangu nyingine anwani ya seva yangu, onyo likatokea, nikafuta faili, nikaandika nywila mara tatu na kukataliwa mara tatu, nikaanza kuilaumu kibodi. Kumbe nilikuwa nikigonga mlango usio wa seva yangu, na kila nywila niliyoiandika ilifika ndani ya mashine ile. Bahati yangu ni kwamba nayo ilikuwa mali yangu.

Kwa hiyo fuata njia hii. Kwenye kompyuta mpakato andika amri ya `ssh-keygen -R` ikifuatwa na jina au anwani ya seva. Amri hiyo huondoa kumbukumbu ya seva hiyo moja tu. Kisha nenda ilipo seva yenyewe, keti mbele ya skrini na kibodi yake, uandike `ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub`. Utaonyeshwa mstari wenye neno SHA256 na nukta mbili, zikifuatwa na mfuatano wa vibambo 43, yaani herufi, tarakimu na alama. Uhifadhi katika flashi, kisha rudi kwenye kompyuta mpakato na uanze kuingia. Utakapoulizwa kama unaukubali ufunguo, usijibu «yes»; bandika mfuatano huo wote, pamoja na neno SHA256 lililoutangulia. Tangu toleo la 8.0 la OpenSSH, programu huulinganisha yenyewe na haikuruhusu kuendelea ukitofautiana hata kwa herufi moja. Njia hii inashinda kukodoa macho, kwa kuwa anayelinganisha kwa macho huishia kusoma herufi nne za mwanzo na nne za mwisho akaridhika.

Siku nyingine utakapotaka kuiweka Linux upya, nakili kwanza mafaili yote ya /etc/ssh ambayo majina yake yanaanza na ssh_host, kisha uyarudishe baada ya kazi. Hakikisha yanamilikiwa na root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, na kwamba yale ya siri yana ruhusa ya 600, yaani mwenyewe tu ndiye anayeweza kuyasoma na kuyaandika, kwa sababu seva hukataa kutumia ufunguo wa siri unaoweza kusomwa na watumiaji wengine. Ukiyarudisha hivyo hutaliona onyo hilo tena.

Ukali huu wa SSH una historia yake. Mwaka 1995 mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, nchini Finland, ulishambuliwa kwa programu iliyonasa nywila zikiwa njiani, jambo lililowezekana kwa sababu telnet, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali iliyotumiwa na wengi wakati huo, ilizipitisha wazi kama barua isiyo na bahasha. Tatu Ylönen, aliyekuwa mtafiti chuoni hapo, aliandika SSH mwaka huohuo ili kuziba mwanya huo, akaiombea poti (namba ya mlango wa mtandao) ya 22, iliyokuwa wazi kati ya FTP, ya kuhamishia mafaili, yenye 21 na telnet yenye 23. OpenSSH, ambayo ndiyo iliyomo katika Linux nyingi leo, ilitolewa na mradi wa mfumo endeshi wa OpenBSD mwaka 1999.

SWALI: Nimeweka Linux kando ya Windows katika kompyuta moja. Nikiwa Linux naweza kuyasoma mafaili ya upande wa Windows, lakini siwezi kuhifadhi chochote huko. Diski imeharibika?

JIBU: Diski yako ni nzima. Windows za siku hizi, zikiachwa na mpangilio wake wa kuwaka haraka, hazijizimi kabisa unapobonyeza kitufe cha kuzima. Huhifadhi hali ya kiini chake katika diski ili ziamke upesi. Linux ikikuta sehemu ya diski iliyoachwa katika hali hiyo huifungua kwa kusoma tu, na inafanya vyema, kwani ukiandika humo unaweza kuvuruga mafaili ambayo Windows inaamini iliyaacha salama. Zima mpangilio huo ndani ya Windows, au kila unapohamia Linux chagua kuwasha upya badala ya kuzima, maana kuwasha upya huizima Windows kikamilifu. Kulazimisha sehemu hiyo ikubali kuandikwa kwa nguvu inawezekana, na sitaeleza jinsi ya kufanya hivyo.

SWALI: Sisi ni marafiki sita tunaopenda kompyuta, tunataka mahali petu pa kuchati. Mmoja anataka IRC, mwingine XMPP, ambazo zote ni mifumo ya kuchati. Tuna seva ndogo ya Linux. Mnatushauri nini? Tungependa tusikose ujumbe kompyuta zetu zinapokuwa zimezimwa.

JIBU: IRC iliandikwa na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, nako ni Finland, mwaka 1988, na bado ni nyepesi kuliko karibu kila kitu kilichoifuata. Ujumbe mmoja hauzidi baiti 512, na kwa kawaida seva haimhifadhii ujumbe mtu asiyekuwapo: ukitoka, yaliyosemwa nyuma yako yamekupita. Wazoefu hulikwepa tatizo hilo kwa kuiacha programu ya kuchati ikiendelea ndani ya seva. Unaingia kwa SSH, unaanzisha tmux, programu inayoyaacha madirisha ya amri yakiendelea hata ukiondoka, na ndani yake unafungua irssi, programu ya kuchati ya IRC. Ukimaliza, bonyeza Ctrl pamoja na b, uachie, kisha d. Dirisha litajitenga na wewe lakini litaendelea kuishi. Kesho ukiingia tena na kuandika `tmux attach` utakuta mazungumzo ya usiku kucha yakikusubiri. Ninaipenda njia hii kupita kiasi, nakiri, lakini inamtaka kila mmoja wenu awe na akaunti katika seva na aizoee terminali, yaani dirisha la kuandikia amri.

XMPP, iliyoanza kwa jina la Jabber mwaka 1999 kwa kazi ya Jeremie Miller, ina anwani zinazofanana na za barua pepe, na mtumiaji wa seva moja anaweza kuzungumza na wa seva nyingine. Seva yake ikiandaliwa vizuri huhifadhi ujumbe hadi mwenyewe arudi, na programu zake zipo hata za simu.

Kinachoamua, kwa maoni yangu, ni usiri. IRC inayopita poti ya 6697 hulindwa kwa TLS, usimbaji wa mawasiliano ya mtandao, kutoka kwako hadi kwenye seva tu; mwenye seva husoma kila neno. Kama mnabadilishana amri na vichekesho, hilo si kitu. Kama mtazungumza mambo yenu ya ndani, chagueni XMPP na muwashe OMEMO, inayosimba ujumbe kwenye kifaa cha mtumaji na kuusimbua kwenye cha mpokeaji. Jueni tu kwamba kila kifaa katika OMEMO kina ufunguo wake, na kwamba mmoja wenu akiiweka Linux yake upya bila kuhifadhi data za programu hiyo, wenzake watano wataona kifaa kigeni kikijitokeza kwa jina lake. Kabla ya kukikubali, mpigieni simu awasomee alama yake ya kidole.