Jibu: Picha nzuri, waigizaji wazuri, mbona watu wanachoka?

Ndugu, umeuliza inakuwaje filamu yenye picha safi na waigizaji hodari imchoshe mtu kabla haijafika nusu. Mimi naona kosa kubwa ni kumtafunia mtazamaji kila kitu. Mhusika analia, muziki unalia, halafu anatamka, “Nina huzuni sana.” Sasa mtazamaji abaki na kazi gani?

Mtengenezaji filamu Mrusi, Lev Kuleshov, aliliona hili mapema karne ya 20. Inasimuliwa kwamba aliunganisha picha ya uso uleule mkavu wa mwigizaji na ya bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Watu wakaona njaa, majonzi, tamaa. Uso haukubadilika hata kidogo!

Hebu fikiria mama anapanga sahani tatu mezani, anasita, anarudisha moja kabatini. Hajasema neno, lakini tumeshajua kuna mtu hatarudi. Ukiweka mazungumzo hapo, umeua onyesho lote.

Sauti mbovu nayo hufukuza watu, tena haraka kuliko picha mbovu. Ila wewe anza na skripti: futa kila sentensi inayoeleza kitu ambacho tayari tunakiona.