Mwalimu anayetaka kuandika riwaya: usiache kazi, acha setibuku

Mwalimu, umeuliza kama uache kazi ndio umalize hiyo riwaya yako, ukasema umekwama sura ya pili tangu shule zifunguliwe na kila jioni unabeba rundo la insha nyumbani. Mimi nafundisha Kiswahili sekondari huku Eastlands, na riwaya yangu ya kwanza ilitoka nikiwa bado nasahihisha karatasi kama wewe, kwa hivyo nitajibu kwa kirefu, nivumilie.

Usiache kazi. Shaaban Robert aliingia ukarani wa forodha kule Pangani 1926 akabaki mtumishi wa serikali miaka na mikaka, na vitabu vikatoka. Hapa Nairobi kodi haingoji mswada, na mtu akiandika huku landilodi anapiga simu anaishia kuharakisha hadithi, msomaji anaona tu.

Halafu nikwambie ukweli, shida kubwa yetu sisi walimu wa Kiswahili si muda. Shida ni kwamba tunaandika riwaya ikiwa imeshachambuliwa, kama setibuku, kile kitabu teule cha mtihani. Umefundisha karatasi ya tatu, ile ya fasihi, miaka yote hiyo, maudhui, sifa za wahusika, majazi (jina linalobeba tabia ya mhusika), mbinu rejeshi (hadithi kurudi nyuma), sasa ukikaa kuandika mkono unaenda huko wenyewe. Nimesoma miswada ya walimu wenzangu na dalili ni zilezile, mwizi wa mali ya umma anaitwa Bwana Mafisi, msichana mwema anaitwa Imani, lazima kuwe na ndoto mahali fulani, barua mahali fulani, na methali kila ukurasa. Unaweza kuitungia maswali ya KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, kabla hujafika katikati, lakini mle ndani hakuna mtu hata mmoja ambaye ungemkumbuka ukishafunga kitabu. Hebu rudi usome sura zako mbili ukiwa na hilo akilini, pengine hukukwama kwa sababu ya insha, umekwama kwa sababu wahusika wako washajua wanafunza nini na hawana kingine cha kufanya.

Mimi dawa niliipata hapohapo shuleni. Kuna siku mzazi aliitwa juu ya kijana wake aliyepatikana na simu, mama wa watu akaacha kibanda cha mboga akaja na aprini yake bado ina madoa ya sukuma, akakaa kwa ofisi naibu wa mwalimu mkuu anamsomea makosa moja baada ya lingine. Yeye hamtazami naibu hata kidogo, macho yako chini kwa miguu ya mtoto. Naibu akimaliza tu mama akauliza, "Kwani hivi viatu umetoa wapi? Mimi sijakununulia hivi." Kesi ilikuwa ya simu! Ofisi yote ikanyamaza, kijana akaanza kulia, na hakuna aliyejibu. Mimi nikaenda darasani na lile swali kichwani na nikajua riwaya yangu inaanzia hapo, kwa mzazi anayeona kitu ambacho wenye mamlaka hawajakiona na anaogopa jibu. Hakuna kitabu cha mwongozo kingenipa hiyo.

Lakini sikiliza vizuri hapa, sikumwandika yule mama wala yule kijana. Nilichukua swali tu. Kijana akawa msichana, mama akawa babu anayetengeneza redio Gikomba, mtaa nikabadilisha, simu nikatoa kabisa. Wanafunzi wetu wanatuambia mambo mazito kwa sababu sisi ni walimu wao, na mtoto akijiona kwa kitabu chako umemvunja, hata kama umebadilisha jina. Hilo kwangu halina mjadala.

Sasa mambo ya muda. Wengi hujaribu kuandika sura mpya wakati wa muhula wanachoka. Geuza. Rasimu mbichi iandike likizo, hasa ile ndefu ya mwisho wa mwaka kama hutaenda kusahihisha mtihani wa kitaifa, andika bila kurudi nyuma. Muhula ukifunguliwa kazi yako ni kurekebisha, maana kurekebisha kunakubali vipandevipande, ukurasa mmoja alfajiri kabla ya kukimbilia matatu, mwingine wakati wa chai kama hauko zamu. Mimi nikiwa Jogoo Road kwenye jamu nilikuwa najirekodi kwa simu nikisema maneno ya wahusika kwa sauti ya chini, na hapo ndio nilisikia makanga wangu, yule mhusika anayeita abiria kwa matatu, anaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Wacha makanga aongee kama makanga, Kiswahili sanifu kibaki kwa msimulizi ukitaka.

Msomaji wa kwanza asiwe mwalimu wa Kiswahili. Mimi nilimpa mwalimu wa Hesabu na penseli nikamwambia aweke alama pale ameboeka, asiniandikie maoni. Zile alama zilinisaidia kuliko sifa zote za idara yetu.

Kuhusu wachapishaji, jua kwamba hapa kwetu wengi wanaishi kwa vitabu vya shule, kwa hivyo swali la kwanza litakuwa kama riwaya inaweza kupita KICD, taasisi ya mitaala inayoidhinisha vitabu vya shule. Usiwabishie na pia usiirudishe kuwa setibuku, waambie ni ya msomaji gani basi. Ulizia pia ile tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Safal-Cornell, zamani Mabati-Cornell, ipo tangu 2014 na inapokea hata mswada ambao haujachapishwa, si lazima uwe na mchapishaji. Ukiamua kujichapishia, ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, inatolewa na KNLS, huduma ya maktaba ya taifa, na hakimiliki yako unaisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki. Na kitabu kikitoka usiwauzie wanafunzi wako, mzazi atashindwa kukataa na hiyo si haki.

Mkataba ukija, angalia asilimia yako inahesabiwa kwa bei ya dukani ama kwa kile mchapishaji anabaki nacho baada ya kumpa muuzaji punguzo, kwa sababu asilimia ileile inaweza kuwa pesa tofauti kabisa. Kama hawajaandika wazi, waulize wakuandikie kabla ya kutia sahihi.