Mavazi ya kupanda farasi kwenye baridi ya Sweden, Oktoba na Novemba: haya ndiyo niliyojifunza

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umehamia Uppsala mwezi wa nane, umejiandikisha shule ya kupanda farasi, Jumamosi ijayo mnaanza kutoka nje kwenda msituni, na wewe ni mtu wa Mombasa ambaye sweta la kwanza maishani umelinunua juzi. Umeuliza uvae nini, mtandio utakaaje chini ya kofia ngumu, na kama ukialikwa Iceland mwakani unaweza kwenda na vifaa vyako. Wadau wawili wamekujibu "vaa nguo nyingi tu, utazoea." Nawaheshimu, ila jibu hilo ndilo lililonitesa mimi msimu mzima, kwa hiyo naomba uvumilie urefu wa maelezo yangu.

Mimi ni mtu wa Makete, Tanzania. Nimekulia mahali ambapo Juni na Julai umande unaganda juu ya majani, nikafika huku nikiamini baridi naijua. Nilianza kupanda farasi Oktoba 2018, kwenye banda moja nje ya mji, na sehemu ya ada nilikuwa nailipa kwa kufanya kazi za bandani mwisho wa wiki. Siku ya kwanza nilivaa jinzi, fulana ya pamba, sweta mbili, koti nene la manyoya ya bata, na jozi tatu za soksi ndani ya buti za theluji. Nyuzijoto zilikuwa 6, kamvua kepesi, upepo kidogo. Dakika arobaini tu msituni, vidole vya miguu sivisikii. Nilipotelemka na nyayo kugusa ardhi, nilisikia kama nimekanyaga misumari. Magoti yakaishiwa nguvu, nikabaki nimeshikilia tandiko kwa mikono miwili huku farasi amesimama kimya akinisubiri.

Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiwatunza wale farasi hakuitazama miguu yangu kabisa. Aliingiza vidole viwili kwenye ukosi wangu kwa nyuma, akavitoa, akanionyesha. Vilikuwa vimelowa. "Umelowa tangu bandani," akaniambia. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

Kabla ya kupanda, kuna saa nzima ya kazi. Unazoa samadi, unasukuma toroli, unabeba ndoo za maji, unampiga farasi brashi mwili mzima, unanyanyua kwato moja moja na kuzisafisha, unabeba tandiko. Ukifanya hayo yote na koti nene mwilini, unatoka jasho kama uko shambani. Kisha unapanda, unakaa. Anayetembea sasa ni farasi, wewe uko juu, umeinuliwa kwenye upepo, na ile fulana ya pamba iliyonyonya jasho inakuwa kitambaa cha maji baridi mgongoni. Ukiongeza sweta la tatu juu yake, umefunika maji tu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu koti. Kazi za bandani zifanye ukiwa na nguo nyepesi, hata ukisikia kibaridi dakika tano za mwanzo. Beba fulana kavu ya ndani, na kabla hujamfunga farasi tandiko ingia chumba cha kubadilishia, vua uliyofanyia kazi, vaa kavu, ndipo uweke koti. Miaka yote hii sijapata kitu kingine kilichonisaidia kama hicho, na hakigharimu chochote.

Na kama shule yenu ina farasi wa Iceland, ambao huku wako wengi, jua kwamba juu yao utapoa haraka zaidi. Kwa farasi wa kawaida akienda matiti, yaani zile mbio ndogo za kudundadunda, unainuka na kukaa, unainuka na kukaa, mapaja yanafanya kazi na damu inazunguka. Farasi wa Iceland ana mwendo wake unaoitwa tölt, ambao daima kuna angalau mguu mmoja unaogusa ardhi, na mgongo wake hautikisiki karibu hata kidogo. Ni raha isiyoelezeka. Lakini umekaa tu, na upepo unakupiga kama abiria wa bodaboda.

Sasa nguo yenyewe. Inayogusa ngozi iwe ya sufu, juu mpaka chini. Pamba iache nyumbani. Sufu inaweza kunyonya unyevu unaokaribia theluthi moja ya uzito wake kabla hujausikia, na hata ikilowa bado inashika joto. Ya kondoo aina ya merino haiwashi. Mimi nilikuwa naogopa sufu kwa sababu ya yale mablanketi ya shuleni, lakini ni vitu viwili tofauti. Kwa Novemba ninayo ya Woolpower, kampuni ya mji wa Östersund, ambao kitambaa chao kilibuniwa miaka ya 1970 pamoja na jeshi la Sweden. Wana uzito wa 200, 400 na 600, yaani gramu kwa mita moja ya mraba. Kwa kupanda farasi 200 inatosha ndani, na 400 unaivaa juu yake kama sweta. Napenda sana kwamba ndani ya kila nguo kuna kijilebo chenye jina la mtu aliyeishona. Bei yake inauma, sikufichi. Yangu ya kwanza niliipata kwenye duka la mitumba, na sufu ni nguo ambayo ukiitunza mtumba wake unadumu.

Juu ya sufu weka kitu kinachozuia upepo na mvua, na urefu wake uangalie vizuri. Koti refu lisilo na mpasuo nyuma utalikalia, litakuvuta mabega. Tafuta lenye zipu ya nyuma inayofunguka kutoka chini, ili mapindo yaanguke huku na huku ya tandiko na kukufunika mapaja. Koti la manyoya ya bata ni zuri siku kavu ya baridi kali, ila mvua ya Oktoba ikiliingia linasinyaa na joto lote linakwenda. Halafu kuna sauti. Makoti mengine ya plastiki yanapiga kelele kila ukisogeza mkono, na farasi asiyeyazoea anashtuka. Lichukue mkononi, likunjekunje karibu naye ukiwa bado chini, uone masikio yake yanasemaje. Na nakuomba sana, usivae wala kuvua koti ukiwa juu. Dakika ile mikono yako yote imo ndani ya mikono ya koti, huna hatamu. Telemka kwanza.

Miguu ndiyo nitakayokaa nayo, kwa sababu hapo baridi na hatari vimekaa pamoja. Mguu wa mpandaji unaning'inia, haufanyi kazi, na nusu ya mbele ya wayo imekanyaga kikuku, kile chuma cha kuwekea mguu kinachoning'inia kwenye tandiko. Chuma kinanyonya joto bila kupumzika. Ukiingiza soksi tatu unakibana kiatu, damu haifiki vidoleni, na hewa ambayo ingetunza joto haina pa kukaa. Vaa soksi jozi moja nene ya sufu, kiatu kikubwa kwa nusu saizi, na ndani yake kipande cha sufu iliyoshindiliwa cha kutandika chini ya wayo. Unapaswa kuweza kuchezesha vidole vyote vitano. Ukishindwa kuvichezesha dukani, msituni havitakuwepo.

Zile buti zangu za theluji zilikuwa na kosa kubwa kuliko baridi. Zilikuwa pana, zina soli ya meno meno, na siku hiyo nilipotaka kutoa mguu wa kulia kwenye kikuku ulinasa. Farasi alikuwa mpole, nikauchomoa kwa nguvu. Angekuwa amekurupuka, leo ningekuwa na habari nyingine ya kuwaandikia. Kila mwaka unapobadilisha kiatu, kipime na kikuku: ingiza mguu, na kila upande wa buti ibaki nafasi ya kutosha kidole chako kimoja. Soli iwe laini, kisigino kiwe na kimo cha sentimita mbili hivi ili mguu usipenye mpaka upande wa pili. Buti likiwa pana kwa vikuku ulivyopewa, omba vipana zaidi, usione aibu. Gambuti za kawaida za mvua siziungi mkono, ni baridi na zinateleza.

Vidole vikianza kufa ganzi, mwambie mwalimu, telemka, umwongoze farasi kwa miguu dakika kumi. Mimi mwanzo niliona ni kushindwa, nikawa nanyamaza. Siku hizi nikitoka matembezi ya saa moja na nusu natembea kwa miguu kipande cha mwisho cha kurudi bandani, mimi napata joto na yeye anapoa taratibu. Na unapotelemka na miguu ya baridi, shikilia tandiko, kunja magoti, jishushe kidogo kidogo. Usiruke.

Jinzi inalowa, haikauki, na mishono yake itakuchubua. Suruali ya kupandia yenye manyoya laini ndani ndiyo yenyewe, au taitsi ya sufu ndani ya suruali ya kawaida ya kupandia. Suruali za mvua zinazoteleza ziepuke. Zipo zenye mabaka ya kushika kwenye makalio na magoti. Lakini wewe nadhani utaipenda zaidi sketi ya kupandia. Wanawake wengi huku wanaivaa: imeshonwa kama godoro jembamba, ina zipu mbele na nyuma, unaizungushia kiunoni juu ya suruali, ukipanda unafungua zipu na inakufunika mpaka magotini. Ina joto, ina stara, na ukitelemka unaifunga unabaki mtu wa heshima zako.

Mtandio unawezekana kabisa. Usiwe na pini hata moja, kwa sababu ukianguka kofia ngumu inaisukuma pini kichwani. Chukua ule wa kuvaa kama soksi, wa michezo, mwembamba, na ncha zake zote ziingie ndani ya koti. Kofia ngumu ikajaribiwe dukani ukiwa umeuvaa. Watu wanaharibu kinga ya kofia kwa kuweka kofia nene ya sufu chini yake. Inakaa juu juu, inacheza. Kwako mtandio mwembamba wa sufu utafanya kazi ya kuziba masikio pia. Shule nyingi zina kofia za kuazima, ila ukinunua nunua mpya, maana ya mtumba huwezi kujua iliangukaje. Skafu ndefu usivae, inanasa kwenye matawi. Shingoni weka ile ya duara.

Glovu ziwe jozi mbili begini. Hatamu za ngozi zikilowa zinateleza kama sabuni, na glovu za sufu tupu hazishiki. Tafuta zenye mpira kiganjani, nyembamba kiasi cha kukuwezesha kuusikia mdomo wa farasi. Glovu nene sana zinakufanya uvute kwa nguvu bila kujua, na anayeumia ni yeye.

Mambo mawili ya msituni wenzetu hawakuyataja. Jumatatu ya pili ya Oktoba msimu wa kuwinda mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, huku wanamwita älg, unafunguliwa upande huu wa nchi. Vaa reflekta, ile ile ya bodaboda, ya njano au ya machungwa, na farasi naye awekewe. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na kuanzia hapo Uppsala jua linatua saa kumi jioni. Mwisho wa Novemba ni kabla ya saa tisa. Karibu kila kipindi cha baada ya kazi kitakuwa gizani. Simu uiweke mwilini mwako, ndani ya koti, usiifunge kwenye tandiko: betri inakufa kwa baridi, na ukianguka farasi anaondoka nayo.

La pili ni wadudu. Kuna inzi bapa wanaitwa älgfluga, wanakuwepo kuanzia mwisho wa Agosti na kuendelea kwenye vuli. Wanatua, wanaangusha mabawa yao, wanaingia nyweleni kutafuta ngozi, na ukiwaponda hawapondeki. Farasi wengine wanapata kiwewe. Ukosi uliofungwa na mtandio wako vitakusaidia. Ukifika nyumbani kagua nguo kabla ya kuingia chumbani.

Kuhusu Iceland, mwambie rafiki yako mapema. Nchi ile inawalinda farasi wake dhidi ya magonjwa kwa ukali, hata farasi wao akishatoka hawamruhusu kurudi. Matandiko, hatamu na glovu za ngozi zilizotumika haziruhusiwi kuingia kabisa. Nguo na buti ulizopandia lazima zifuliwe na kuuliwa vijidudu kabla ya safari. Kwa hiyo glovu nunua mpya au azima kule kule, na usijaribu kupitisha kitu kwa kuficha. Kwa ajili ya wale farasi tu, usijaribu.

Jumamosi fika mapema. Lijamu, kile chuma cha mdomoni mwa farasi, likiwa limelala kwenye baridi, lishike viganjani au ulifunge ndani ya koti dakika chache kabla ya kumtia mdomoni. Weka soksi kavu na fulana kavu kwenye mfuko wa plastiki, uuache kwenye kabati lako la bandani. Na ukishapima buti na kikuku, niandikie hapa imebaki nafasi kiasi gani kila upande, kabla hamjatoka.