Okidi ndogo za ardhini: jani litakuvutia, jina liko kwenye ua

Watu hunitumia picha ya jani jeusi lenye mistari ya dhahabu, wameipiga kandokando ya njia ya msituni huku Malaysia au Thailand, wakauliza swali moja tu: hii ni okidi gani? Nami huuliza kwanza kama ilikuwa na ua. Kama haikuwa nalo, nitakutajia jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, tena kwa tahadhari. Spishi utaipata kwenye ua, hasa kwenye ile petali moja isiyofanana na nyingine, yaani mdomo.

Naishi Malaysia, na matembezi yangu mengi ni ya misitu ya milimani, Cameron Highlands na kwingineko. Wengi wakisikia okidi hukumbuka zile za vyungu vya hotelini, au zinazoning'inia kwenye matawi. Za ardhini ni habari nyingine. Nyingi hazifiki hata magotini, zimejificha katikati ya majani yanayooza, na mwenye haraka atazikanyaga bila kujua. Tembea polepole kando ya vijito na kwenye miamba yenye kuvumwani. Vaa soksi ndefu, maana ruba nao makazi yao ni hapohapo.

Kabla ya yote, hakikisha ni okidi kweli. Mmea unaodanganya wengi ni begonia. Jani la begonia halina usawa: upande mmoja wa mshipa wa kati ni mpana kuliko mwenzake, na ukingo mara nyingi una meno. Jani la okidi hizi limelingana pande zote mbili, ukingo wake hauna meno, na kitako cha kikonyo kimelivaa shina kama ala ya kisu. Shina lenyewe hutambaa juu ya takataka za msitu, likatoa mizizi minene kwenye vifundo, kisha ncha yake ikainuka.

Kundi linalosumbua zaidi ni la okidi zinazopendwa kwa majani yake yanayong'aa kama vito. Ludisia discolor ina jani la rangi ya damu ya mzee, na mistari yake ya shaba inakwenda karibu sambamba. Anoectochilus ina jani lenye umbile la mahameli na mistari ya dhahabu au fedha iliyofumana kuwa wavu. Macodes petola nayo ina wavu wa dhahabu. Sasa hapo kwa jani tu utazitenganishaje? Goodyera ndiyo kabisa: nyingine zina jani la kijani tupu lisilovutia yeyote, nyingine zina wavu mweupe.

Basi piga magoti, toa lenzi ya mkono, utazame ua. La Ludisia ni jeupe, lina njano katikati, na limekaa mshazari: mdomo umepinda upande mmoja, na ile nguzo ya katikati inayobeba chavua imepinda upande wa pili. Ukiliona hivyo usidhani limeharibika, ndivyo lilivyo. Mdomo wa Anoectochilus ni mrefu, shingo yake mara nyingi ina meno au nyuzi pande zote mbili, na ncha imegawanyika kama herufi Y. Goodyera ina mdomo uliotuna kuwa kifuko, mara nyingi na vinyweleo ndani, na ncha yake ni moja.

Macodes nayo ina jambo lake. Tumba za okidi nyingi hujizungusha nusu duara kabla ya kuchanua, ndiyo maana mdomo huwa chini. Za Macodes hazifanyi hivyo, kwa hiyo mdomo unabaki juu. Ukiigeuza picha nyumbani ili ua lionekane "sawasawa", umefuta ushahidi mzuri kuliko wote. Acha picha ilivyo, na hakikisha shina linaonekana ili mtazamaji ajue juu ni wapi.

Picha ambayo karibu kila mtu huisahau ni ya ubavuni. Baadhi ya okidi zina kijifuko chembamba kinachochomoza nyuma ya mdomo, na ukipiga ua kwa mbele tu hukioni. Anoectochilus wanacho, Goodyera hawana. Piga pia jani juu na chini, mmea mzima, na rula pembeni. Ua usilikate kwa ajili ya mwanga mzuri wa nyumbani. Mbegu za okidi ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na haziwezi kuota bila kuvu wa kuzilisha. Mmea mdogo wenye shada moja tu hauna cha kukuazima.

Ukikuta jani moja peke yake, lenye umbo la moyo, limetoka ardhini bila shina la kuonekana, fikiria Nervilia. Ua lake hutokea kwanza, jani hufuata baadaye, kwa hiyo viwili hivyo ni nadra kuvipiga picha siku moja. Weka alama, urudi msimu mwingine. Ndugu zake wapo hata Afrika Mashariki, wasomaji wa nyumbani mnaweza kuwatafuta mvua zinapoanza.

Programu za simu za kutambua mimea nazitumia, ila kwa jani jeusi lenye mistari mara nyingi hukimbilia Ludisia, kwa kuwa ndiyo inayofugwa na kupigwa picha kila mahali. Lichukulie jibu lake kama pendekezo. Kuandika "Goodyera sp.", yaani Goodyera ambayo spishi yake haijajulikana, si aibu hata kidogo.

La mwisho ni mahali. Anoectochilus huchimbwa kwa ajili ya dawa, China na Taiwan hasa, na hizi za majani mazuri zina wanunuzi. Biashara ya kimataifa ya okidi zote inadhibitiwa na mkataba wa CITES, ulioanza kutumika 1975, lakini mchimbaji hasomi mikataba, anasoma ramani. Ukiweka picha mtandaoni, ficha nukta ya GPS, utaje jimbo tu. Tarehe na kimo kutoka usawa wa bahari viache vionekane: vinamsaidia mtambuzi, na havimfikishi mchimbaji kwenye kijito.