Swali la lugha: "berk", "git" na "muppet" tuyaiteje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi natia sauti ya Kiswahili kwenye filamu za kuonyeshwa katika vibanda vya video hapa Morogoro. Juzi nimepata vichekesho vya Waingereza. Mzee mmoja anamwita mwenzake "berk", anajibiwa "git", na kijana aliyesimama pembeni anaambulia "muppet". Kamusi yangu inasema "mjinga" kote kutatu. Kweli ni kitu kimoja? Na naweza kuyasema mbele ya watoto?

JIBU: Marahaba. Kamusi haijakudanganya, imekupunja tu.

Lenye kisa hasa ni "berk". Watu wa mashariki ya London, wale wanaoitwa Cockney, wana mchezo wa kuficha maneno kwa vina. Ngazi ni "stairs". Wao husema "apples and pears", kwa sababu "pears" na "stairs" zina kina kimoja. Halafu wanakata kile kipande chenye kina, wanabaki na "apples". Mgeni anasikia matofaa, mwenyewe anapanda ngazi. Sisi tuna kinyume, nyumba ikawa "mbanyu", lakini sisi tunageuza silabi tu, ukitulia unaipata. Wao wanafuta hata nyayo.

Sasa chukua "Berkeley Hunt", kundi la wawindaji wa mbweha kule Gloucestershire. "Hunt" ina kina kimoja na tusi zito mno la Kiingereza, la uchi wa mwanamke. Kata, baki na "berk". Limo katika maandishi tangu miaka ya 1930, na leo Waingereza wengi wanalitamka hata mezani bila kujua walichokibeba. Kwa hiyo usilitafsiri kwa asili yake, utafungiwa kibanda. Sema "bwege", yatosha.

"Git" ni habari nyingine. Linatoka kwenye "get", neno la Waskoti na watu wa kaskazini ya Uingereza kwa mtoto, hasa wa nje ya ndoa. Ni mwanaharamu, basi. Kwetu mwanaharamu bado ni neno la kushikana mashati. Kwao limepoa, ingawa si kabisa, maana Maspika wa Bunge lao wamewahi kulikataa ukumbini, sawa na kumwita mbunge mwenzako panya au msaliti. Ila hapa ndipo kamusi yako ilipoteleza: "git" si lazima awe mjinga. Anaweza kuwa na akili zake timamu, kasoro yake ni roho. Ni mtu wa kukera, mchoyo, mwenye gubu. Kwa kuwa anayetukanwa kwenye filamu yako ni mzee, mimi ningesema "Zee kisirani wewe!" Ona sarufi inavyokusaidia: ukishaondoa m- ya "mzee" umemtukana tayari, kabla hata hujafika kwenye kisirani.

"Muppet" ni jepesi. Ni vile vikaragosi vya Jim Henson, Mmarekani, ambavyo kipindi chao maarufu kilirekodiwa Uingereza kati ya 1976 na 1981. Jina lao Waingereza wamelifanya la mjinga yeyote. Nasi tumeshafanya vivyo hivyo: Juha alikuwa mtu wa hekaya za Waarabu, tukamnyang'anya herufi kubwa, akawa juha yeyote wa mtaani. Lakini "juha" leo lina harufu ya kitabu. Kijana wa filamu yako mwite "boya", watazamaji wako watacheka papo hapo.

Kuhusu watoto: bwege na boya hawana shida nayo, wanayajua kukuzidi. Zee kisirani pia lipite. Ila usije ukateleza ukasema "fala" kwa sababu tu umelisikia kwenye filamu zilizotiwa sauti Nairobi. Kule vijana wanaitana hivyo wakicheka; hapo Morogoro mzazi wa mtoto atakufuata kibandani.