Gari ikikutupa mkia kwenye kona, usikimbilie springi

Mvua za masika zikianza tu, simu yangu haipoi. Vijana wenye Toyota za kusukuma kwa tairi za nyuma, yaani GX100, GX110 na Altezza, wanauliza swali moja: "Kaka, gari inanitupa mkia kwenye kona, nifunge springi gani?" Jibu langu halibadiliki: springi ziache kwanza, ingia uvunguni ukaangalie raba. Gari nyingi za aina hii zilizopo huku zina zaidi ya miaka ishirini, na zilipotoka kiwandani zilikuwa zinakata kona vizuri sana. Kazi yako ya kwanza ni kuirudisha ilivyokuwa.

Nikisema huku nakusudia Pemba. Unguja, ukitoka mjini kwenda Paje au Nungwi, sehemu kubwa ya njia ni tambarare. Kwetu ni milima na mabonde toka Mkoani mpaka Konde. Unateremka, chini kabisa kuna kona, na hapo hapo ndipo maji ya mvua yanapomwaga udongo mwekundu juu ya lami. Msimu wa karafuu nao, pembeni mwa barabara kumetandikwa majamvi, karafuu zimeanikwa na wenyewe wamechutama wanazigeuza. Gari ikitoka njia yake hata nusu mita, unajua inamwendea nani. Kwa hiyo jambo hili kwangu ni la roho za watu, mbwembwe hazimo.

Kwenye gari inayosukumwa na tairi za nyuma, za mbele zinaelekeza, za nyuma zina kazi mbili: kusukuma, na kuushika mkia usitoke nje. Mshiko wa tairi una kikomo. Ukikanyaga mafuta katikati ya kona, sehemu ya mshiko huo inaliwa na kusukuma na kinachobaki cha kushika mkia kinapungua. Ukiachia mafuta ghafla nako, uzito unakimbilia mbele na nyuma inakuwa nyepesi, seuze ukiwa kwenye mteremko. Na mwendo una hesabu yake: kona ile ile ukiipita kwa 60 badala ya 40, nguvu ya kukutupa nje inaongezeka zaidi ya mara mbili.

Tairi basi. Watu wengi wakinunua mbili mpya huzifunga mbele, zilizochoka wakazirudisha nyuma. Fanya kinyume chake. Zilizo nzima zikae nyuma, kwa sababu mbele ikiteleza utahisi kwenye usukani na utapunguza mwendo, lakini nyuma ikiteleza gari imeshaanza kugeuka kabla hujaamua chochote. Soma na umri wake: ubavuni, mwishoni mwa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne, kwa mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba inaweza kuwa na mifereji mirefu na huku raba yake imekauka ngumu, na kwenye lami ya maji raba ngumu haishiki. Upepo upime asubuhi kabla gari haijatembea, ufuate kibandiko cha mlango wa dereva. Gari za Japani huandikwa kwa kilopaskali, kwa hiyo ukikuta 220 ni kama psi 32 kwenye geji zetu. Ukitaka rimu kubwa kidogo, kutoka 195/65R15 kwenda 205/55R16 kimo cha tairi kinabaki karibu kile kile, tofauti haifiki hata milimita tatu.

Sasa bushi, zile raba za uvunguni nilizozitaja mwanzo, na hapa nakuomba utulie. GX100 ina wishboni, yaani mikono ya chuma inayoshika tairi, za juu na za chini, mbele na nyuma, na kila mkono una raba zake. Raba hizo zikichoka, mkono unapata nafasi ya kucheza, na tairi inageuka kidogo yenyewe kila uzito unapohama. Dalili yake iko wazi: upo kwenye kona, usukani umeutuliza, ukiachia mafuta unasikia nyuma inasogea kama imepigwa kikumbo. Wengi hulaumu springi au shokapu. Mwambie fundi ainyanyue gari, atie mtaimbo kati ya mkono na fremu, atikise. Raba nzima inasogea kidogo na kurudi. Iliyokufa inaachia, na mara nyingi utaona imepasuka ikaachana na chuma chake. Hapo hapo akague boljointi, tairodi na linki za stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari isilale sana kwenye kona. Ule mlio wa ko-ko-ko kwenye mashimo madogo, aghalabu ni linki.

Halafu simama umwangalie anavyofunga. Bushi nyingi za mikono zimeshikana na chuma cha nje na cha ndani, na gari ikipanda na kushuka raba inajinyonga na kujinyongoa. Fundi akikaza bolti gari ikiwa juu ya jeki, tairi zinaning'inia, raba inakazwa katika hali hiyo. Ukiishusha chini, imeshanyongwa muda wote, hata gari ikiwa imesimama, na itachanika kabla ya siku zake. Bolti ziingizwe zikazwe kidogo tu, gari ishushwe isimame kwa tairi zake, itikiswe, ndipo zikazwe moja kwa moja. Mafundi wenye haraka hulikimbia hili kwa sababu kufikisha spana gari ikiwa chini ni tabu. Mwongeze kitu kidogo, mwambie una muda, lakini usikubali lirukwe.

Chumvi ya bahari nayo usiisahau. Bolti ndefu za nyuma hushikana kwa kutu ndani ya bushi mpaka fundi anaomba grainda. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Zile bolti za kurekebishia alaimenti, yaani pembe na mwelekeo wa tairi, zenye kisahani chenye alama, zitiliwe alama ya rangi kabla hazijaguswa, na zikirudishwa zipakwe grisi. Zikishikana hizo, nyuma ya gari huwezi kuirekebisha tena bila kukata.

Shokapu zibadilishe mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja. Kandamiza gari upande mmoja kwa uzito wako, achia: ipande mara moja itulie. Ikiendelea kunesa, au ukiona mafuta yametiririka kwenye mwili wa shokapu, imekwisha. Za mtumba sizishauri kabisa huku visiwani. Fimbo yake ikiwa na vidonda vya kutu, inaikata sili na mafuta yanavuja.

Baada ya yote hayo ndiyo unakwenda alaimenti, na iwe ya tairi nne. Pengi wanapima za mbele tu, wakati nyuma ya gari hizi inarekebishika. Tairi za nyuma zinatakiwa ziangalie ndani kidogo sana kwa mbele. Zikiangalia nje, gari haina utulivu kwenye kona, na hakuna springi ya bei yoyote itakayoponya hilo. Dai karatasi ya vipimo, kabla na baada.

Kuhusu kunyanyua na kukata, msimamo wangu ni mkali. Kuweka raba au spesa kwenye springi ili gari ipande kunaupandisha uzito juu, gari inalala zaidi kwenye kona, na pembe za tairi zinaharibika. Kukata springi ni kubaya zaidi: shokapu inafika mwisho wake kwenye shimo la kwanza, na hapo tairi inaruka badala ya kushika lami. Anayetaka gari ngumu zaidi anunue springi na shokapu zilizotengenezwa kufanya kazi pamoja. Stabilaiza nene ya nyuma peke yake usifunge, kwani kwenye gari ya kusukuma nyuma inaongeza kutupa mkia. Difu lililochomelewa ni la uwanja wa michezo ya magari, barabarani linazilazimisha tairi mbili za nyuma zizunguke sawa wakati ya nje ina njia ndefu zaidi.

Wanaobeba magunia ya karafuu kwenye buti wajue kwamba nyuma ikikaa, mbele inanyanyuka, na usukani unakuwa mwepesi wa uongo: unakata, gari inachelewa kugeuka, na usiku taa zinawapiga wenzako machoni. Gunia moja liweke kwenye sakafu ya viti vya nyuma, zilizobaki zisukumwe karibu na mgongo wa viti. Ongeza upepo wa tairi za nyuma kidogo, na mwendo upunguze.

Kuhusu mguu wako: breki zimalizike gari ikiwa bado imenyooka, kabla ya kona. Ingia ukiwa na mafuta kidogo tu ya kuifanya gari itulie, wala usiongeze mpaka uone kona inafunguka na usukani unaanza kurudi. Mkia ukianza kutoka, punguza mafuta polepole, tazama pale unapotaka gari iende na uelekeze usukani huko huko, kisha uwe tayari kuurudisha mapema, kwa sababu gari ikishika lami tena inarudi kwa nguvu upande wa pili, na wengi wanaangukia mtaroni katika kurudi huko.