Shukeni Muheza

Mwanangu mpenzi,

Hatujambo nyumbani, bibi yako anakusalimu. Umeniuliza kama hapa Muheza kuna cha kuwaonyesha wenzako wa kazini, au mpitilize moja kwa moja Tanga mkaogelee. Shukeni, mwanangu. Wengi wanaujua mji wetu wakiwa dirishani mwa basi: wananunua machungwa yaliyomenywa, gari linaondoka. Hawajui kwamba pale liliposimama ndipo njia zinapogawanyika, moja inateremka Pangani, kule pwani, nyingine inapanda Amani, kwenye msitu wa milima ya Usambara Mashariki. Hata reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika hapa mwaka 1896, kabla haijaendelea Korogwe.

Anzeni na Amani. Bahari wanaiona hata Dar es Salaam. Mtapitia Sigi, kwenye lango la hifadhi, ambako zamani kireli cha Wajerumani kilikuwa kikishusha mbao. Kuanzia hapo joto linabaki chini na ukungu unaanza. Juu kuna bustani ya mimea waliyoianzisha mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka pande zote za dunia kuijaribu. Unakumbuka nilipokupandisha ukiwa darasa la tatu? Ulikinusa kipande cha gome la mdalasini mpaka usingizi ukakuchukua garini. Waonyeshe na mti wa kwinini.

Halafu watafute yale maua madogo ya zambarau yanayoota kwenye mawe yenye kivuli, karibu na maji. Walter von Saint Paul, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, aliyapeleka kwao, na mwaka 1893 wataalamu wakayaita Saintpaulia. Leo yamo vyunguni kwenye madirisha ya Ulaya, na sisi tunapita na basi chini ya mlima yalikotoka bila kuyajua. Hilo linaniuma. Msiyachume.

Msitu wa Magoroto nao ni karibu, una ziwa dogo na michikichi, pazuri kwa kupumzika siku ya pili. Lakini msiufanye badala ya Amani. Pangani iwe ya mwisho.

Msije mwezi wa nne. Masika moja nililala garini usiku mzima njia ya Amani, magurudumu yamezama kwenye tope. Nijulishe tarehe mapema nimtafute dereva anayeijua ile njia, na kila mtu abebe sweta.

Ni mimi baba yako.